Shajara ya mradi: kufuatilia fosfatasi butu katika jenomu za wanyama

8 Februari 2025. Swali, vifaa na spishi

Ndani ya seli za mnyama, protini nyingi hupewa amri kwa kubandikwa fosfati. Kinasi hubandika, fosfatasi hubandua, na katika kubandika na kubandua huko ndimo seli inamoamua kugawanyika, kusogea, kutoa homoni au kufa. Mradi huu unahusu kundi ambalo masomo ya shule hulipita bila kulitaja: fosfatasi zenye umbo kamili la ukoo wao, lakini hazibandui chochote. Humu nitaziita fosfatasi butu.

Si chache. Mwaka 2004 Alonso na wenzake walipopitia jenomu ya binadamu walihesabu jeni 107 za ukoo wa PTP, yaani fosfatasi zinazotumia sisteini kubandulia fosfati, na 11 kati ya hizo wakaziweka katika fungu la zisizofanya kazi ya kimeng'enya. Hesabu hiyo ni ya jeni nzima. Domeni butu (domeni ni sehemu ya protini yenye mkunjo wake yenyewe) zilizofungwa pamoja na domeni hai ndani ya protini moja ziko nje ya hesabu hiyo, na baadaye zitanisumbua sana.

Nataka kujua mambo matatu: uwezo ulipotea kwa njia gani, ulipotea lini katika mti wa nasaba ya wanyama, na kwa nini jeni zenyewe hazikufutika. Hilo la tatu ndilo lililonivuta. Jeni isiyo na manufaa haidumu. Mabadiliko hujilundika humo mpaka isisomeke tena. Hizi zimedumu mamia ya mamilioni ya miaka, na sehemu kubwa ya mfuatano wake ingali imetunzwa.

Vifaa ni kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, Ubuntu, na programu za bure: HMMER ya kutafuta, MAFFT ya kupanga mifuatano sambamba, IQ-TREE ya kujenga mti, ChimeraX ya kutazama maumbo. Mifuatano naipakua kwenye hifadhidata za UniProt na NCBI. Gharama ya kuanzia ni bando la intaneti tu, kama shilingi elfu thelathini.

Spishi nilizochagua: binadamu, panya, samaki-pundamilia (*Danio rerio*), silikanti, inzi wa matunda (*Drosophila melanogaster*), mnyoo *Caenorhabditis elegans*, anemone wa bahari *Nematostella vectensis*, *Trichoplax adhaerens*, sifongo *Amphimedon queenslandica*, na *Monosiga brevicollis*, kiumbe wa seli moja aliye ndugu wa karibu wa wanyama wote. Silikanti sikumweka kwa sababu anavuliwa Tanga, ingawa jambo hilo linanifurahisha. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kwamba jeni zake za protini zinabadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne. Mfuatano unaobadilika polepole ni hazina kwa mjenga mti, kwa sababu tawi lake ni fupi na halidanganyi kirahisi.

22 Februari. Kichujio cha kwanza: kutafuta sisteini iliyopotea

Kwanza kishimo chenyewe, yaani sehemu ya fosfatasi ambamo fosfati hubanduliwa, maana mengine yote yanarudi hapo. Kinafahamika vizuri kutokana na PTP1B, iliyosafishwa na kuelezwa na Tonks, Diltz na Fischer mwaka 1988. Chini ya kishimo kuna mfuatano HCSAGIGRSG, kila herufi ikiwa asidi amino moja. C ni sisteini namba 215. Hii ndiyo inayoishambulia fosfati na kuibeba kwa muda. R ni ajinini namba 221. Inaishikilia fosfati isiponyoke. Juu ya kishimo kuna kitanzi chenye herufi WPD kinachofunguka na kufunga. D yake, asidi aspatiki namba 181, hutoa protoni ili tairosini iachane na fosfati. Pembeni kuna tairosini namba 46, ambayo hupanga kina cha kishimo, ndiyo maana fosfotairosini hufika chini na fosfoserini, iliyo fupi, haifiki.

Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: tafuta domeni zote za PTP, kisha toa zile zisizo na C mahali pake. Skripti ya mistari michache inatosha.

Ilinasa zile maarufu. STYX ikaja mbele: imebaki na H, imebaki na R, ila C imegeuka G, glaisini namba 120. Wishart, Denu, Williams na Dixon waliieleza mwaka 1995, na jaribio lao bado linanishangaza: walirudisha sisteini moja hiyo tu, na protini ikaanza kubandua fosfati. Ikaja pia STYXL1, inayoitwa MK-STYX, ambamo H imekuwa fenilalanini na C imekuwa serini. Hata hii, watafiti walipoirudishia herufi hizo mbili, ilifufuka (Hinton na wenzake, 2010).

Kisha nikalinganisha orodha yangu na zile ambazo maabara zimethibitisha kuwa butu, na pengo likawa kubwa. Hazikuwemo LAR na CD45 kwa domeni yao ya pili. Haikuwemo IA-2. Haikuwemo HD-PTP. Haikuwemo PTPRU. Zote zina sisteini yao, imekaa pale pale inapotakiwa, na bado hazifanyi kazi.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu kila moja imekufa kwa njia yake.

Vipokezi vingi vya ukoo huu vina domeni mbili zilizofuatana, D1 iliyo karibu na utando na D2 iliyo mbali. Kwa LAR, D1 ndiyo inayofanya kazi. D2 ina C na R, lakini mahali pa tairosini inayopanga kina pana leusini, na D ya kitanzi cha WPD imekuwa E, asidi glutamiki. Nam na wenzake walipochapisha umbo la domeni hizo mbili mwaka 1999, walibadilisha asidi amino hizo mbili tu (leusini 1644 kuwa tairosini, na E 1779 kuwa D) na D2 ikawa kimeng'enya chenye nguvu. Tofauti ya D na E ni kaboni moja. Kaboni hiyo moja inatosha kuchangia kifo cha domeni nzima.

IA-2 ni ile ambayo watu wengi wenye kisukari cha aina ya 1 wana kingamwili dhidi yake, na hospitali huipima kwa ajili hiyo. Kishimo chake kinasomeka HCSDGAGRTG, na kitanzi kina WPA badala ya WPD. Magistrelli na wenzake mwaka 1996 walisahihisha herufi mbili na uwezo ukarudi.

HD-PTP inasomeka HCSSGVGRTG. Ukiiweka chini ya PTP1B na IA-2 utaona jambo ambalo skripti yangu isingeweza kuliona:

PTP1B: HCSAGIGRSG
IA-2: HCSDGAGRTG
HD-PTP: HCSSGVGRTG

Nafasi ni ile ile, ya 217 kwa hesabu ya PTP1B. Alanini, asidi amino ndogo isiyo na chaji, imepisha D katika moja na S, serini, katika nyingine. Gingras na wenzake mwaka 2009 waliibadilisha S hiyo ya HD-PTP kuwa A na uwezo ukarudi. Protini mbili tofauti, moja ya vifuko vya homoni na nyingine ya kupanga mizigo katika endosomu, zimeguswa pale pale.

Marekebisho: niliacha kutafuta kwa mtindo wa herufi. Sasa kila mfuatano unapangwa juu ya PF00102, wasifu wa familia hii katika hifadhidata ya Pfam, kwa `hmmalign`, PTP1B ikiwa ndani ya faili ile ile kama rula, kisha nasoma safu za 46, 181, 215, 217 na 221. Jedwali la safu tano limechukua nafasi ya swali moja la ndiyo au hapana. Gharama: hakuna, ila muda.

15 Machi. Kichujio cha pili kikaua walio hai

Nikiwa na jedwali la safu tano, nilipeleka kanuni hizo hizo kwa ndugu wengine wa ukoo wenye C na R: fosfatasi za DUSP, zinazobandua fosfati kwenye tairosini na pia kwenye serini na threonini, na miotubularini. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Miotubularini zote zilitoka butu, hata MTM1 na MTMR2, ambazo kazi yake ya kubandua fosfati kutoka kwenye mafuta ya utando (PI3P na PI(3,5)P2) imethibitishwa mara nyingi. Sababu ilikuwa safu ya 181. Miotubularini hai hazina D kwenye kitanzi cha WPD.

Jibu limo ndani ya kishimo chenyewe. Mfuatano wao ni CSDGWDRT. Umbo la MTMR2, lililochapishwa na Begley na wenzake mwaka 2003, lilionyesha kwamba D iliyo jirani kabisa na R, namba 422, ndiyo inayofaa kutoa protoni. Kazi ile ile inafanywa na asidi amino ya aina ile ile, ila imesimama mahali pengine. Fosfatasi za CDC25 nazo hazina D hiyo mahali pa kawaida, na ziko hai.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kifo kwa ukoo mzima. Nimegawa kazi katika mafungu, na kila fungu lina rula yake hai:

- PF00102, fosfatasi za tairosini za kawaida: rula ni PTP1B.
- PF00782, DUSP: rula ni VHR (DUSP3), yenye C namba 124, R namba 130 na D namba 92.
- PF06602, miotubularini: rula ni MTMR2, na D inasomwa ndani ya kishimo.

Fungu la nne liko nje kabisa ya ukoo huu. TAB1 ina umbo la PP2C, fosfatasi zinazotumia metali badala ya sisteini, na mwaka 2006 Conner na wenzake waliieleza kuwa ni butu kwa kuwa asidi amino za kushikia metali hazikutunzwa. Nimeiweka ili ikumbushe kwamba njia hii imepitiwa pia na familia zisizo na undugu wa umbo. Sitaendelea nayo zaidi.

Ukitaka kuiga mradi huu, anza hapa. Usipoteze wiki kwenye kichujio kimoja cha wote.

5 Aprili. Vifo vya uongo

Baada ya kugawa mafungu, orodha ya butu kwa sifongo na kwa silikanti ilivimba kupita kiasi. Ingekuwa habari kubwa kama ingekuwa kweli. Nilipofungua mfuatano mmoja mmoja, nyingi hazikuwa zimebadilika herufi, zilikuwa zimekatika. Utabiri wa kompyuta wa jeni ulikuwa umeruka eksoni, yaani kipande cha jeni chenye maelekezo ya protini, na eksoni iliyorukwa ndiyo ilikuwa na kishimo. Mahali pa C palikuwa na pengo, na skripti ikasoma pengo kama sisteini iliyopotea.

Nilijaribu kwanza kupakua jenomu nzima ili nitafute vipande vilivyokosekana. Ya silikanti peke yake ina karibu jozi bilioni 2.9 za besi, na bando liliisha kabla ya kufika mwisho. Ile elfu thelathini ya pili ikaenda hivyo. Njia iliyofaa ni kutumia BLAST ya NCBI kule kule kwenye seva yao, `tblastn`, ukiiwekea mpaka wa spishi moja. Unapeleka domeni ya asidi amino mia mbili na ushee, unarudishiwa ukurasa mdogo. Eksoni nyingi zilizokosekana zilipatikana hivyo, kishimo kikiwa kizima.

Kanuni zilizoingia kwenye skripti baada ya hapo: pengo si badiliko, domeni lazima ifunike angalau asilimia 80 ya wasifu, na kifo hakiandikwi mpaka kionekane pia katika spishi jirani, au kithibitishwe na mfuatano wa RNA. Orodha ilipungua sana, na iliyobaki inaaminika.

10 Mei. Mti wa nasaba

Kupanga mifuatano kwa `mafft --localpair --maxiterate 1000` kulikwama mara tu nilipotia mafungu yote pamoja. RAM ilijaa na mashine ikaganda. Kwa kila fungu peke yake, baada ya kupunguza mifuatano inayofanana kwa zaidi ya asilimia 90 kwa CD-HIT, kazi ilipita bila shida.

Mti nilijenga kwa `iqtree2 -m MFP -B 1000`. Umeme ulikatika katikati zaidi ya mara moja. Neno kwa wanaoishi na hali hiyo: IQ-TREE huhifadhi faili ya `.ckp.gz` na ukirudisha amri ile ile inaendelea ilipoishia. MAFFT haina huruma hiyo, kwa hiyo ifanye wakati betri imejaa.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine. Mti wa kwanza wa miotubularini uliweka karibu butu zote kwenye tawi moja, kana kwamba zilikufa mara moja na kuzaliana. Sikuuamini, kwa sababu mbili. Protini iliyoachwa huru na kazi ya kimeng'enya hubadilika haraka kuzunguka kishimo, na matawi marefu huvutana kwenye mti hata yasipokuwa na undugu. Pia safu za kishimo zenyewe zilikuwa ndani ya data, na zilipiga kura kwa pamoja. Niliondoa safu zote za kishimo na za kitanzi, nikaacha mwili wa domeni na vipande vya pembeni vinavyotambulisha kila kundi, nikajenga upya.

Mti wa pili ulitoa makundi sita yanayojulikana katika maandiko: MTM1 na MTMR1 na MTMR2, MTMR3 na 4, MTMR6, 7 na 8, MTMR5 na 13, MTMR9, MTMR10, 11 na 12. Matatu ya mwisho ndiyo butu. Na hapa ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta: kila moja ya makundi hayo matatu lina mwakilishi kwa inzi na kwa mnyoo. Kwa inzi kundi la MTMR5 na 13 lina jeni iitwayo *Sbf*. Kwa mnyoo ni *mtm-5*. MTMR9 ina *mtm-9*. Ubutu huo basi ni wa zamani kuliko kuachana kwa nasaba yetu na ya wadudu na minyoo, jambo lililotokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tangu wakati huo hakuna aliyeutupa.

Kwa binadamu zimo miotubularini 15 ukihesabu MTMR14, na 6 kati yake ni butu. Yaani mbili kati ya kila tano.

7 Juni. Maumbo

Nilitarajia kwamba umbo lingenionyesha kifo kwa macho. Nilipakua umbo la STYX lililotabiriwa na programu ya AlphaFold (Q8WUJ0) na kuilaza juu ya VHR iliyopimwa kwa eksirei (1VHR), kwa amri ya `matchmaker` ndani ya ChimeraX. Zililaliana vizuri sana. Alama za uhakika za AlphaFold zilikuwa juu kwa iliyo hai na kwa iliyo butu vilevile. Programu hiyo hutabiri mkunjo, na mkunjo wa butu haujavunjika. Anayetegemea alama hizo kutenganisha hai na butu atakwama.

Lakini ukikaribia kishimo, kuna la kuona. Kwa VHR, atomu ya salfa ya sisteini 124 imechomoza katikati ya sakafu, na ajinini 130 imeinamia juu yake. Kwa STYX, ajinini 126 bado imeinama vile vile, ikielekea katikati, tayari kushika fosfati. Chini yake hakuna salfa. Glaisini haina mkono wa pembeni, ina hidrojeni tu, na pale palipokuwa na kisu pamebaki nafasi tupu. Mshikaji yupo, mkataji hayupo.

Hapo nilikumbuka jambo ambalo watu wa maabara wanalijua vizuri. Mwaka 1997 Flint, Tiganis, Barford na Tonks waliondoa D 181 ya PTP1B kwa makusudi ili kimeng'enya kishike protini inayolengwa bila kuiachia, wakaitumia kama mtego wa kujua PTP1B inafanya kazi kwa nani. Mageuko yalikuwa yametengeneza mitego ya namna hiyo zamani, tena kwa njia kadhaa.

Si zote zinashika fosfati, hata hivyo, na hili ndilo nililotaka kulithibitisha kabla ya kuandika. PTPRU ina C na R katika D1, lakini umbo lililochapishwa mwaka 2020 na Hay na wenzake lilionyesha vitanzi vinavyozunguka kishimo vimekaa mkao usioruhusu fosfotairosini kuingia. Bado inashikana na protini ambazo ndugu yake, PTPRK, hubandua fosfati zake. Inashika kwa sehemu nyingine za mwili. Kwa hiyo jedwali langu sasa lina safu mbili za ziada: je, inaweza kupokea fosfati, na je, kuna ushahidi wa maabara wa kushikana na nani. Safu ya pili naijaza kwa mkono, kutoka kwenye makala, na inachukua muda kuliko kazi yote ya kompyuta.

12 Julai. Kwa nini hazikufutika

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri. Nimejaza safu ile ya mwisho kwa fosfatasi zenye ushahidi imara, na majibu yanaangukia katika aina chache.

Ya kwanza ni ya mwenza. Miotubularini butu hufunga ndoa na miotubularini hai. MTMR5 hushikana na MTMR2, huongeza kazi yake na kuamua itakaa wapi ndani ya seli. MTMR13 nayo hushikana na MTMR2 hiyo hiyo. MTMR9 hufanya hivyo kwa MTMR6, 7 na 8, na MTMR12 huiimarisha MTM1 isivunjwe. Kwa mnyoo, *mtm-6* iliyo hai na *mtm-9* iliyo butu zinahitajika zote mbili ili seli zinazomeza uchafu, selomosaiti, zifanye kazi yake. Ukiharibu moja, unapata kasoro ile ile kama umeharibu nyingine.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka kwa wagonjwa. Mwaka 2000 ilijulikana kwamba MTMR2 ikiharibika, mtoto hupata Charcot-Marie-Tooth aina ya 4B1: ala ya mayelini inayozunguka neva hukunjamana kupita kiasi, na misuli ya miguu na mikono hudhoofika taratibu. Mwaka 2003 familia nyingine zenye ugonjwa unaofanana, 4B2, zilipochunguzwa, jeni iliyoharibika ilikuwa MTMR13. Mwaka 2013 ikaja 4B3, ya MTMR5. Jeni tatu, moja hai na mbili butu, na neva zinaumia kwa namna inayofanana. Sioni namna ya kuendelea kuiita MTMR13 mabaki baada ya hapo. Mzazi mwenye mtoto wa 4B2 anahitaji daktari anayejua kwamba protini isiyobandua chochote inaweza kuwa ndiyo chanzo.

Ya pili ni nanga na mshindani. STYX hushikana na kinasi za ERK1 na ERK2 ndani ya kiini cha seli, ikigombea nafasi na DUSP4, fosfatasi hai (Reiterer na wenzake, 2013). Miaka minne baadaye ilionekana pia kushikana na protini ya FBXW7 na kuizuia isiingie kwenye mtambo wa kuweka alama za kuharibu protini. Na mapema zaidi, mwaka 2002, Wishart na Dixon walikwisha kuonyesha kwamba panya dume asiye na STYX hatengenezi mbegu ipasavyo.

MK-STYX inaongeza jambo zuri. Hushikana na protini ya G3BP1 na kupunguza chembechembe za msongo, zile zinazojikusanya seli inapopata shida. Watafiti walipoifufua kwa kuirudishia H na C, mshikano huo ulipungua sana. Yaani kwa kazi hii, uhai wa kimeng'enya ni kikwazo. Hapo ubutu wenyewe ndio unaohitajika.

Ya tatu ni ya kuzuia, na mfano wake ni wa *C. elegans* peke yake katika spishi zangu. Yai la mnyoo lina kinasi iitwayo MBK-2, ambayo ikiamka mapema huharibu hesabu ya kuanza kwa kiinitete. EGG-4 na EGG-5, fosfatasi butu zinazokaribia kufanana kabisa, hushika tairosini yenye fosfati kwenye kitanzi cha kuamshia cha MBK-2, huifunga mdomo na kuiweka pembezoni mwa yai mpaka wakati wake. Makundi mawili ya watafiti yalilieleza jambo hili mwaka 2009. Tofauti na miotubularini, ndugu zake wa karibu niliowapata kwenye utafutaji wa ziada ni wa minyoo wa jenasi ile ile. Ubutu huu ni mchanga, na bado umeshika kazi ambayo bila yake yai haliendelei.

Ukiweka pamoja, ninavyosoma mimi: ukoo wa PTP ulikuwa na ustadi mbili tangu mwanzo, kutambua na kukata, na mageuko yameweza kuuacha wa pili bila kuugusa wa kwanza. Njia za kuuacha ni nyingi. Sisteini moja, kaboni moja kwenye D, alanini iliyopisha serini. Ndiyo maana imetokea tena na tena.

16 Agosti. Hali ilivyo na kinachofuata

Jedwali la PF00102 na la PF06602 yamekamilika kwa spishi zote. La DUSP limekamilika kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa sifongo na *Trichoplax* bado kuna mifuatano inayosubiri kuthibitishwa kwa RNA, na sitaiingiza kabla ya hapo.

Gharama ya jumla mpaka leo ni mabando, luku, na saa chache za kompyuta ya mbali nilizolipia kwa ajili ya mti wa fungu kubwa, kama elfu arobaini. Anayeanza leo akifuata mpangilio wa mafungu na kutumia `tblastn` ya mbali hatahitaji bando la pili wala kompyuta ya kukodi, ila mti wa PF00102 utamchukua siku kadhaa kwenye mashine ya GB 8.

Hatua inayofuata ni ya maabara. Nimepata mwalimu wa baiokemia aliye tayari kunipa nafasi ya benchi, na tutaanza na jaribio la 1995: STYX ya kawaida, na STYX yenye G 120 iliyorudishwa kuwa C, zote mbili juu ya pNPP, kemikali isiyo na rangi ambayo fosfati yake ikibanduliwa hugeuka njano na kusomeka kwenye nanomita 405. Kinachogharimu ni kutengenezewa jeni na kusafirishiwa. Bei nitaiandika hapa nikishapokea ankara. Tukifaulu kuirudia rangi hiyo ya njano, tutajaribu S ya HD-PTP, halafu nafasi ya 217 ya IA-2 peke yake, bila kugusa kitanzi cha WPA, tuone herufi moja inarudisha kiasi gani.